Magari Yanayozeeka Pamoja: Mabasi na Treni za Mjini za DART ya Dallas



Ukiuliza shirika la usafiri lina magari mangapi, utafunguliwa leja ya mali na kusomewa tarakimu. Msimamizi wa zamu karakanani ana hesabu yake nyingine: leo alfajiri yametoka mangapi? Mada hii inahusu pengo lililo kati ya hesabu hizo mbili. Tumezoea kuwatupia mafundi lawama. Mimi naona sehemu kubwa ya pengo hilo huzaliwa siku ya kusaini mkataba wa ununuzi.

Nimechukua mfano wa Dallas, jimbo la Texas, Marekani. Shirika lao nalo huitwa DART, ila halina undugu wowote na Wakala wetu wa Mabasi Yaendayo Haraka wa Dar es Salaam. Ni herufi tu zimegongana. Lilianzishwa kwa kura ya wananchi mwaka 1983. Miji iliyojiunga nalo ilifika 13, na fedha zake nyingi hutoka kwenye kodi ya mauzo, senti moja kwa kila dola. Baadhi ya miji, Plano ukiwamo, imekuwa ikinung'unika kwamba inachangia kuliko inavyopata. Tuliache hilo, ingawa manung'uniko ya aina hiyo humfuata ofisa ununuzi hadi kwenye chumba cha zabuni.

Tuanze na reli. Treni za umeme za mjini zilianza kazi Juni 1996, na njia zikarefushwa hadi kufikia takriban kilomita 150. Magari yake yalifika 163, yote kutoka kiwanda kimoja, Kinki Sharyo cha Japani. Kwa watu wa karakana hiyo ni neema: fundi aliyefundishwa gari moja ameyajua yote, na stoo haijazwi breki za aina tano.

Hata hivyo magari ya mwanzo yalikuwa na kasoro. Sakafu ilikuwa juu, abiria akipanda ngazi mlangoni. Mwenye kiti cha magurudumu alisubiri kwenye jukwaa dogo lililoinuliwa upande mmoja wa stesheni, na dereva akamtandikia kibao avuke. Abiria walipozidi, njia rahisi ingekuwa kuagiza magari mapya na kuyauza ya zamani kwa bei ya chuma chakavu. Dallas hawakufanya hivyo. Kila gari lilikuwa na vipande viwili vilivyoshikana kwa kiungo cha katikati. Wakavitenganisha pale kwenye kiungo, wakapachika kipande cha tatu chenye sakafu ya chini, na gari la mita 28 likawa karibu mita 38. Mwaka 2008 ya kwanza yakaingia kazini. Magari 115 yalifanyiwa kazi hiyo, na 48 yaliyoagizwa baadaye yakaja na kipande hicho tangu kiwandani. Nafasi ikaongezeka bila kuhitaji dereva wa ziada.

Kazi haikuishia kwenye magari. Stesheni nazo zililazimika kuinuliwa sehemu ya kusubiria ili sakafu ya gari na ya jukwaa zilingane. Wanaopanga bajeti ya magari peke yake, nawaomba sentensi hiyo waisome tena.

Upande wa mabasi hadithi ni chungu zaidi. Mamlaka ya usafiri wa umma ya serikali kuu ya Marekani huhesabu basi kubwa la mjini kuwa la kutumika angalau miaka 12 au maili 500,000, yaani kama kilomita 800,000. Gari la reli nyepesi, kama yale ya treni za Dallas, hupewa miaka 25. Shirika lenye mabasi 50 na zaidi linatarajiwa kuwa na akiba isiyozidi asilimia 20 ya mabasi yanayohitajika saa za msongamano. Yakihitajika 100, uwe na 120. Hayo 20 ndiyo yanayooshwa, yanayobadilishwa mafuta na yanayosubiri vipuri.

Kuanzia mwaka 2012 hivi, DART ilibadilisha sehemu kubwa ya mabasi yake kwa mkupuo, ikanunua mamia ya mabasi ya gesi asilia kutoka NABI. Mwaka 2013 NABI ikanunuliwa na New Flyer, na baada ya miaka michache mabasi ya jina hilo yakaacha kutengenezwa. Magari yaliyonunuliwa pamoja hufikisha miaka 12 pamoja. Kama ng'ombe wa zizi moja waliozaliwa msimu mmoja, wote huota mvi siku moja, na mwenye zizi hana ndama. Mwaka 2018 wakaongeza mabasi saba ya umeme ya Proterra kwa ajili ya njia za katikati ya jiji. Mwaka 2023 Proterra ikaomba kinga ya kufilisika. Basi linaweza kuwa zima, betri zikiwemo, na likalala juu ya mawe kwa sababu aliyelitengeneza hapokei tena simu.

Kwetu, mwendokasi ulianza Mei 2016 na mabasi 140 yaliyoingia kwa pamoja, na karakana ikawekwa Jangwani, bonde ambalo mto Msimbazi hulirudia kila masika. Sasa njia ya Mbagala imepokea mabasi ya gesi asilia. Nishati hiyo ni nafuu na gesi tunayo, lakini fundi wa dizeli hageuki fundi wa gesi kwa kubadilishiwa ovaroli: mitungi ina tarehe za ukaguzi, na karakana huhitaji vitambuzi vya uvujaji na paa lisilohifadhi gesi.

Ili magari yetu yasizeeke pamoja, ningependelea tununue sehemu moja ya kumi na mbili ya mabasi kila mwaka, hata kama Hazina inapenda sherehe ya mkupuo mmoja.

Kwa majadiliano ya vikundi, kila kundi lichukue mkataba mmoja wa ununuzi kati ya ile iliyo kwenye mabegi yenu. Tafuteni ni kifungu gani kinamlazimisha muuzaji kukabidhi michoro, programu za kompyuta za kupimia hitilafu na orodha ya vipuri. Pasipokuwa nacho, kiandikeni, kisha msemaji wa kundi atusomee kabla ya chai.