Aliyelipa Ni Nani? Huduma ya Afya na Uinjilisti kati ya Batwa wa Bendera

Mada kwa semina ya wauguzi, wainjilisti na viongozi wa makanisa



Nimeombwa nizungumze juu ya utume wa kitabibu na uinjilisti kati ya watu wa asili. Maana ya maneno haya wote tunaijua, kwa hiyo nitaipita upesi. Uinjilisti ni kumtangaza Kristo kwa neno na kwa mwenendo. Utume wa kitabibu ni kuuguza na kutibu kwa jina lake. Afya, kwa mujibu wa katiba ya Shirika la Afya Duniani iliyoanza kutumika mwaka 1948, haiishii kwenye kukosa ugonjwa, bali inagusa pia utulivu wa akili na maisha ya mtu kati ya wenzake. Watu wa asili, hapa kwetu Bendera, ni Batwa, ambao wengine huwaita Bambote. Sheria ya tarehe 15 Julai 2022 inalinda haki zao katika nchi nzima ya Kongo.

Historia nayo ni ndefu kuliko muda niliopewa. Wamisionari wa London Missionary Society walianza kazi Mtowa, kaskazini ya Kalemie, mwaka 1879. Mwaka 1885 Mapadri Weupe walikabidhiwa Mpala. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, Karema, alihudumu Adrien Atiman. Huyu alitekwa akiwa mtoto huko Afrika Magharibi, akauzwa, akakombolewa na Mapadri Weupe, akasomea uganga Malta, kisha akaja kwenye ziwa letu kama katekista na mganga, akabaki hadi alipofariki mwaka 1956. Nampenda Atiman kwa sababu moja: yeye mwenyewe aliwahi kuwa na bei. Alijua maana ya mtu mwingine kukulipia. Aliyemlipia alimfungua. Naomba mlishike neno hilo, maana nitalirudia.

Bendera inajulikana kwa mitambo ya umeme ya Kyimbi, na kwa vita vya Juni 1965, wakati wapiganaji wa Che Guevara walipoishambulia. Leo nataka tuizungumzie kwa jambo jingine, ambalo nimepambana nalo miaka 18 ya uuguzi.

Jambo hilo ni deni la mgonjwa.

Nitasimulia lililotokea katika hospitali moja niliyofanyia kazi, ambayo sitaitaja. Mama mmoja Mutwa aliletwa kwa machela ya miti, uchungu ukiwa siku ya pili. Alipasuliwa, akapona, na mtoto akapona. Siku ya kutoka ilipofika, bili haikuwa na wa kuilipa. Mume alileta asali na nyama iliyokaushwa. Mhasibu akasema hesabu yake haipokei asali. Mama akazuiwa. Alikaa wiki tano kwenye veranda, akilala juu ya kitenge chake, akila alichogawiwa na ndugu wa wagonjwa wengine. Kila asubuhi mwinjilisti wetu alihubiri wodini juu ya neema inayotolewa bure, naye mama alisikiliza kwa adabu kuliko sisi sote.

Wiki ya tano akaja mwenye shamba fulani. Akalipa yote. Karatasi ya kutoka ilikuwa na mstari wa jina la aliyelipa, likaandikwa jina lake. Chini yake nikatia sahihi mimi. Yule mama na mume wake waliondoka nyuma ya baiskeli ya bwana yule, wakaenda kulima muhogo wake misimu miwili. Atiman alilipiwa akawa huru. Mama huyu alilipiwa akafungwa, na sahihi ni yangu.

Mwaka uliofuata hakuna mwanamke wa kambi ile aliyekuja kujifungulia kwetu. Tuliandika kwenye ripoti kwamba Batwa wanashikilia mila. Ndugu zangu, hiyo haikuwa kweli. Walikuwa wamefanya hesabu, na hesabu yao ilikuwa sahihi kuliko ya mhasibu.

Nataka kuwa mwangalifu hapa, maana wakubwa wangu wa idara wapo, na siwalaumu. Kituo hakiishi kwa maombi peke yake. Wauguzi wengi hawamo kwenye orodha ya mishahara ya serikali, au wamo na wanapata kidogo. Watoto wao wanakula kutokana na malipo ya wagonjwa. Dawa zinanunuliwa Kalemie, zinasafirishwa kwa barabara ambayo masika huigeuza tope, na fedha ya mgonjwa wa leo ndiyo inayonunua dawa ya mgonjwa wa mwezi ujao. Utaratibu huu haukubuniwa na mtu mwovu. Ulipata nguvu baada ya mkutano wa mawaziri wa afya wa Afrika uliofanyika Bamako mwaka 1987, ambapo ilikubaliwa wananchi wachangie gharama ili zahanati zisibaki tupu. Hata mradi wa SANRU, ambao Kanisa la Kristo lilishiriki kuuanzisha mwaka 1981 kwa ajili ya afya vijijini, ulilazimika kuishi na swali hilihili.

Lakini utaratibu huo ulidhani kwamba kila mtu anashika fedha. Mutwa wa Bendera mara nyingi hashiki. Anafanya kazi shambani kwa jirani, analipwa muhogo, chumvi au nguo iliyovaliwa. Ukimdai faranga, umemtuma kwa yule jirani, na jirani anakuwa mlango wa hospitali. Baada ya mapigano ya Batwa na majirani zao Baluba, hasa miaka ya 2016 na 2017, mlango huo umekuwa mzito zaidi. Mtu aliyemkimbia jirani yake akiwa na mtoto mgongoni harudi kwake kuomba fedha ya kumtibu mtoto huyohuyo.

Wapo watakaoniambia nitazame kwingine. Nimetazama. Kule Curahuasi, Peru, madaktari Wajerumani Klaus-Dieter na Martina John walifungua hospitali ya Diospi Suyana mwaka 2007 kwa ajili ya Waquechua, wazawa wa milima ile wanaodharauliwa mjini kama Batwa wanavyodharauliwa sokoni kwetu. Ilijengwa kwa michango ya watu wa nchi nyingi. Namshukuru Mungu kwa ajili yao, ila Bendera haina michango ya namna hiyo, na sitaki tuingoje.

Tuna mfano ulio karibu zaidi. Sote tumehubiri habari ya Msamaria Mwema, na kila mmoja wetu hujiona yeye ndiye Msamaria. Sisi wa vituo vya afya si Wasamaria. Sisi ni yule mwenye nyumba ya wageni. Alipewa dinari mbili na ahadi ya kulipwa salio, akaachiwa majeruhi, na salio likabaki kwa aliyeahidi, si kwa mwenye vidonda. Katika hadithi nzima hakuna mahali ambapo majeruhi anashikwa mlangoni.

Nije kwenye mapendekezo, na mnisamehe ni mengi.

Kwanza, mgonjwa asizuiwe kwa deni katika kituo chochote chenye jina la kanisa. Wahasibu waelezwe kwa maandishi, si kwa mdomo.

Bei ya kujifungua iwe moja ya jumla, ijulikane kabla, ibandikwe ukutani na isomwe kanisani. Kinachomtisha Mutwa ni kutojua atadaiwa nini. Na yale ambayo tayari ni bure, kama chanjo na dawa za kifua kikuu, yatangazwe kuwa ni bure, tena na tena. Nimekuta kambi ambazo hazijawahi kuambiwa. Serikali ilianza mpango wa kujifungua bila malipo Kinshasa mwaka 2023. Viongozi wetu wauulizie mkoani kwa barua, wasisubiri redio.

Kituo kipokee asali, uyoga na mikeka kwa bei ya sokoni, moja kwa moja kutoka mkononi mwa mgonjwa. Kamati ya afya ndiyo iuze, siyo mhasibu. Na kila kanisa litenge sehemu ya sadaka ya mavuno kwa ajili ya bili za maskini. Hizo ndizo dinari mbili.

Mama wa Kitwa wachaguliwe na kufundishwa kuwa mareko, yaani wahudumu wa afya ya jamii. Ujuzi wao wa mizizi na majani usikilizwe kabla ya kukemewa. Na kila mmoja wao aitwe Mama, kama mnavyowaita wengine. Nimechoka kusikia akiitwa kwa kabila lake kwenye foleni.

Mahubiri ya wodini yabaki, lakini yeyote awe huru kutoka nje, na dawa isigawiwe baada ya sala kana kwamba ni malipo yake. Mwinjilisti asihubirie mtu aliyezuiwa. Narudia: mgonjwa asizuiwe.

Mwisho, karatasi ya kutoka hospitalini ichapwe upya. Ibaki na jina la mgonjwa, ugonjwa, tarehe na sahihi ya muuguzi. Ule mstari wa aliyelipa ufutwe.