Mgonjwa Aulizwe: Dawa ya Miaka Mingi na Mzigo Wake



Ndugu wapendwa, viongozi wa walei na wanajumuiya, tumeombwa tuseme nanyi juu ya wagonjwa wa saratani, nasi tumechagua upande mmoja usiosemwa sana. Sisi humwombea mgonjwa siku ya upasuaji, humchangia nauli ya kwenda Ocean Road, na nywele zikianza kuota tena humshukuru Mungu na kuhesabu kwamba mambo yamekwisha. Kumbe kwa wanawake wengi wenye saratani ya matiti ndipo safari ndefu inapoanza: kidonge kila siku kwa miaka 5, pengine 10.

Dawa hiyo mara nyingi ni tamoksifeni. Hupewa wale ambao saratani yao hustawishwa na homoni ya estrojeni, nayo huizuia homoni hiyo isifanye kazi kwenye uvimbe. Faida yake si ya kubahatisha. Uchambuzi wa habari za maelfu ya wanawake, uliotolewa mwaka 2011, ulionyesha kwamba miaka 5 ya dawa hii hupunguza vifo vya saratani hiyo kwa karibu theluthi moja katika miaka 15 ya kwanza. Tunalisema hili mapema, asije mtu akatoka hapa akidai kuwa padre ameruhusu vidonge vitupwe.

Hata hivyo dawa ina mzigo. Mwili huwaka joto ghafla, jasho la usiku hulowesha shuka, usingizi hukatika, na ukavu ukeni huweza kuligeuza tendo la ndoa kuwa maumivu. Mara chache damu huganda katika mishipa, au saratani nyingine huota katika mfuko wa uzazi. Kwa hiyo aliyekwisha koma hedhi akiona damu, asingoje. Letrozoli na anastrozoli, ambazo hupewa hasa waliokoma hedhi, huweza kuumiza viungo na kudhoofisha mifupa. Mama ambaye vidole vyake havikunjiki kushika jembe, tumwambie tu avumilie?

Kanisa halikusema hivyo. Tarehe 24 Novemba 1957 Papa Pius XII aliwafundisha madaktari kwamba mtu hudaiwa kutunza uhai kwa njia za kawaida, zisizomtwika yeye au wengine mzigo mzito kupita kiasi. Tamko la Idara ya Mafundisho ya Imani la mwaka 1980 liliagiza kupima ugumu wa tiba, hatari zake na gharama zake, pamoja na matunda yanayotazamiwa na nguvu za mgonjwa, za mwili na za roho. Nayo Katekisimu, namba 2278, yasema mwenye kuamua ni mgonjwa mwenyewe, akiwa na uwezo.

Kwa maoni yetu, si rahisi kukiita mzigo uliopita kiasi kidonge chenye faida kubwa hivyo kwa mama wa miaka 45. Kwa bibi wa miaka 85 mwenye maradhi mengine mazito, mizani yaweza kulala upande mwingine. Lakini apimeje mtu asiyeulizwa? Foleni ni ndefu, daktari kijana auliza, “Unaendelea na dawa?” Mama ajibu, “Ndiyo,” ingawa aliiacha muda mrefu uliopita. Ya chumbani aliona haya kuyataja, tena aliogopa kukaripiwa. Laiti angesema, pengine dawa ingebadilishwa, maumivu yakatibiwa, au angeiacha akijua anachokiacha. Atamke pia dawa nyingine anazotumia, hata za miti shamba, maana zipo zinazoipunguzia tamoksifeni nguvu, kama paroksetini, dawa ya sonona. Hiyo ni haki yake, sawa na haki ya kupata dawa yenyewe.

Waume nao wasikie: mke anayejitenga kitandani huenda hajakuchoka, bwana, ni dawa. Na wale wanaowaambia wagonjwa kwamba mwenye imani hahitaji vidonge, wanyamaze.

Tunawaomba wenyeviti wa jumuiya watafute kwa kila mgonjwa wa namna hii mama mmoja mtunza siri. Kabla ya siku ya kliniki wakae wawili, waandike yanayomsumbua, hata yale ya aibu, kisha waende pamoja. Na mgonjwa akishindwa kusema, ampe daktari karatasi hiyo asome.