Mtoto wa Kulea na Daftari la Chama

Hotuba iliyosomwa na Katibu wa Kamati ya Wanawake na Watoto mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka



Nimeagizwa na Kamati nieleze habari za watoto wa kulea waliomo katika nyumba za wanachama wetu hapa Nairobi, kisha nilete maombi matatu mbele yenu.

Vyama vya namna hii vilizaliwa kwa sababu ya ugeni. Zamani za ukoloni watu wetu walipokuja mjini kutafuta kazi, wakakaa Pumwani na baadaye Kaloleni, hawakuwa na shangazi wala mjomba mtaani. Mtu akiugua, nani amwuguze? Akifa, nani amsafirishe kwao? Wakachanga senti zao, wakawa ndugu. Basi yatupasa tukumbuke kwamba mtoto aletwaye katika nyumba asiyoijua ni mgeni kutupita sisi. Sisi tulikuja kwa hiari yetu, na nyuma yetu palikuwa na kwetu.

Mjane mmoja wa chama hiki, akaaye Jericho, alimpokea msichana wa miaka 14 kutoka upande wa Busia. Jina lake silitaji. Alikuwa mtoto mchangamfu, mwepesi wa ulimi, asiyependa kuamriwa bila kuelezwa sababu. Juma la kwanza alimwuliza mzee mmoja kwa nini akina mama hupika chai ya mkutano lakini hawaketi mezani. Juma la tatu alitoweka tangu asubuhi, akaonekana Gikomba akimsaidia mama mmoja kuuza soksi. Jioni alirudi na pakiti ya unga, akaiweka mezani akasema, “Mimi sili bure.”

Wako waliosema mtoto huyu ni mkaidi, arudishwe alikotoka. Yule mama hakusema hivyo. Alitambua kwamba pakiti ile ya unga haikuwa ukaidi, bali hofu. Mtoto aliyekwisha hamishwa mara mbili au tatu hujifunza kulipia nafasi yake kabla hajafukuzwa. Akamjibu, “Katika nyumba hii hakuna alipiaye chakula. Lakini vyombo vina zamu, na leo zamu ni yako.” Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe si adhabu; ni dalili kwamba mtu amekoma kuwa mgeni.

Hata hivyo, jambo lililoitikisa Kamati lilitokea kwenye kikao cha mazishi. Mtunza Fedha alikuwa akisoma daftari la wategemezi, yaani wale ambao chama kitawazika wakifariki. Msichana akasimama akasema, “Shikamooni wazee. Nimesikia majina ya watoto wote wa mtaani kwetu, langu sikulisikia. Nikifa leo, mtanizika wapi?”

Pakawa kimya. Mzee mmoja akasema kwamba mtoto huyu si wa ukoo wetu, na ardhi ya kuzikia ni ya ukoo. Mwingine akajibu kwamba waanzilishi wa chama nao hawakuwa wa ukoo mmoja. Maneno yakawa mengi hata usiku. Mwisho kura zikapigwa, na jina lake likaandikwa chini ya jina la mama yake mlezi. Tangu siku hiyo, asema yule mama, mtoto akitoka huaga, na akichelewa hutuma habari. Bado hubishana na watu. Lakini sasa hubishana kama mtu wa nyumbani. Yu shule ya sekondari, na chai ya mkutano huipika pamoja na vijana wa kiume, kwa zamu.

Wazee wangu, sheria nayo yatuelekeza huko. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 53, yasema kila mtoto ana haki ya jina na uraia tangu kuzaliwa, na haki ya malezi. Sheria ya Watoto ya 2022 yaruhusu mtoto awekwe kwa mlezi asiye jamaa yake, chini ya uangalizi wa serikali. Malezi hayo si sawa na kuasili mtoto, ambako mahakama humpa mtoto wazazi wapya moja kwa moja. Na mwaka huo huo wa 2022 serikali ilitoa mkakati wa miaka kumi wa kuwatoa watoto katika makao na kuwarudisha katika familia. Lakini familia hizo zitatoka wapi, kama si katika nyumba zetu?

Kwa hiyo Kamati yaomba mambo matatu. La kwanza, kila mtoto wa kulea aliyewekwa kwa njia ya sheria aandikwe katika daftari la wategemezi siku aingiapo nyumbani, bila kungoja aulize mwenyewe. La pili, chama kimsaidie mlezi kufuatia cheti cha kuzaliwa cha mtoto; kwa maana kuzaliwa kusikoandikishwa ndani ya miezi 6 huhesabiwa kumechelewa, na mtoto asiye na cheti hupata taabu ya kuandikishwa mtihani, na baadaye ya kupata kitambulisho atimizapo miaka 18. La tatu, mlezi akishindwa na mtoto, wazee wawili na mama mmoja wamtembelee kwanza, kabla neno la kumrudisha halijatamkwa.

Gharama ya mambo haya ni ndogo. Lililo kubwa ni kukubali kwamba ukoo wa mjini hujengwa kwa mikono. Mkono mmoja haulei mwana, na mikono iliyomo ukumbini humu ni mingi.

Bwana Mwenyekiti, naleta maombi haya yapigiwe kura.