Nani Anaamua Wema wa Biashara? Mgawanyo wa Madaraka na Uwajibikaji kwa Jamii katika Biashara Ndogo

Uwajibikaji wa biashara kwa jamii nchini Tanzania umezoeleka kujadiliwa kwa kutazama migodi, benki na kampuni za simu. Kwa migodi limewekwa hata sharti: tangu marekebisho ya Sheria ya Madini ya mwaka 2017, mwenye leseni huandaa kila mwaka mpango wa uwajibikaji unaokubaliwa na halmashauri husika. Biashara ndogo, ambayo sera ya mwaka 2003 ya viwanda vidogo na biashara ndogo inaitambua kwa wafanyakazi wake 5 hadi 49, haibanwi na sharti hilo. Mpango wake umo kichwani mwa mwenye mali. Makala hii inatetea hoja moja: uwajibikaji wa biashara ndogo hukwama zaidi kwa sababu ya mgawanyo wa madaraka kuliko uhaba wa fedha, kwani anayeamua msaada uende wapi si yule anayejua madhara ya kazi yanamwangukia nani.

Tuchukue mfano wa kubuni wa karakana ya useremala yenye watu 12: bosi, ndugu yake anayeshika fedha, mafundi wakuu wawili, na waliobaki ni mafundi wa kawaida na saidia fundi. Ni mwaka 2016, nchi nzima inahamasishwa kumaliza upungufu wa madawati shuleni, na bosi anaahidi madawati 30 mbele ya diwani. Ahadi ni yake, lakini saa za kuitimiza ni za mafundi, jioni, baada ya kazi za wateja. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka saa ya ziada ilipwe angalau mara moja na nusu ya ujira wa kawaida. Hapa inalipwa kwa soda na "asanteni vijana". Anayepuliza vanishi amejifunga kitambaa puani, maana barakoa za kazi hazikupangiwa fedha. Picha za makabidhiano zinapigwa shuleni. Chumba cha vanishi hakuna anayekipiga picha. Mwongozo wa kimataifa wa ISO 26000 wa mwaka 2010 unataja maeneo saba ya uwajibikaji, na maendeleo ya jamii ni moja tu kati yake. Masuala ya kazi na ajira nayo yamo, kwa uzito uleule.

Kwa nini saidia fundi hasemi? John French na Bertram Raven, mwaka 1959, walibainisha vyanzo vitano vya nguvu ya mtu juu ya mwenzake: cheo, uwezo wa kutuza, uwezo wa kuadhibu, utaalamu, na heshima anayojijengea. Katika kampuni kubwa nguvu hizi hutawanyika kwa mameneja, kamati na tawi la chama cha wafanyakazi. Katika karakana, cheo, tuzo na adhabu vimo mkononi mwa mtu mmoja, ambaye pia ndiye anayemkopesha kijana nauli. Utaalamu pekee ndio uliobaki kwa wanaoshika randa na brashi, nao haumlazimishi mtu kuusikiliza. Hivyo kimya cha kikaoni kisihesabiwe kuwa ridhaa.

Wapo watakaosema mali ni ya mwenyewe, na sadaka haipigiwi kura. Ni kweli, kwa fedha inayotoka mfukoni mwake. Lakini pale msaada unapojengwa kwa jasho lisilolipwa, aliyetoa ni mfanyakazi, na hakuulizwa. Wengine watasema biashara ndogo ni familia, watu wanazungumza kila siku. Lugha ya familia ina joto lake, ila ndiyo inayofanya kudai haki kuonekane utovu wa adabu: kijana hamdai baba. Pingamizi zito zaidi ni kwamba wafanyakazi wakipewa sauti watajipendelea wao. Huenda ikawa hivyo kwa baadhi ya maombi, ndiyo maana hatupendekezi wapewe uamuzi wote. Hata hivyo, wengi wao wanaishi mtaa uleule karakana ilipo. Moshi wa maranda yanayochomwa unaingia kwao kabla haujafika kwa diwani.

Tunapendekeza hatua tatu zisizohitaji idara wala mshauri. Kwanza, kabla ya ahadi yoyote ya nje, mwenye biashara ahakikishe ujira, michango ya hifadhi ya jamii na vifaa vya kinga viko sawa. Pili, sehemu ya fedha ya misaada, hata ikiwa ndogo, iamuliwe na wafanyakazi wenyewe, na mshika fedha aitoe bila kuomba kibali kingine. Tatu, kikao cha kupanga kianze kwa mdogo wa cheo na bosi aseme mwisho, kwa kuwa akianza yeye waliobaki watabaki kuitikia. Hatua ya pili ndiyo kipimo halisi. Mwenye biashara anayekusanya maoni na kushikilia kila shilingi bado hajagawa madaraka.