Fomu ya Kuomba Ukaazi wa Kudumu Kanada

Somo la leo lataka daftari na kalamu. Yeyote mwenye cheti cha kuzaliwa cha mwanawe, au kadi yake ya kliniki, na aiweke juu ya meza, maana tutaisoma pamoja.

Watu wa Upare wamezoea tangu zamani kuona vijana wakishuka milimani kutafuta kazi. Wazee wetu walikwenda katika mashamba ya mkonge ya Tanga, na karatasi waliyoijua huko ni kipande. Siku hizi wako wanaotazama mbali zaidi, na nchi mojawapo ni Kanada. Nchi hiyo huwapima waombaji kwa alama tangu mwaka 1967, na tangu Januari 2015 maombi ya mafundi na watu wenye ujuzi hupitia utaratibu uitwao Express Entry. Anayekubaliwa hupewa ukaazi wa kudumu, yaani ruhusa ya kuishi na kufanya kazi huko pasipo kungoja kibali kipya kila mara. Ukaazi si uraia. Mwenye ukaazi huo angali Mtanzania na pasipoti yake ni ile ile.

Labda utauliza: Mimi niko darasani Same nikijifunza kusoma, fomu ya Kanada yanihusu nini? Yakuhusu, ndugu yangu, kwa kuwa karatasi ziko kwako. Kijana yuko Dar es Salaam mbele ya kompyuta, lakini kadi yake ya kliniki imo sandukuni mwako, na cheti chake cha ubatizo kiko kanisani Mamba au Vudee. Akipiga simu kukuuliza, "Mama, hapo pameandikwaje?" hana budi kupata jibu sahihi, herufi kwa herufi.

Tuanze na jina. Tuseme jina la ukoo ni Mmbaga. Karani wa kliniki aliandika Mmbaga kwa M mbili. Mwalimu wa shule ya msingi akaandika Mbaga. Chuo cha ufundi kikaliacha jina la ukoo, kikaandika jina la kijana na la baba yake tu. Kwetu sisi huyo ni mtu mmoja, na hata mtoto mdogo ajua hivyo. Lakini ofisa wa Kanada hajui Chasu wala hajui ukoo wetu. Mbele yake yako majina matatu, naye ana haki ya kuuliza kama ni watu watatu.

Dawa yake ni kutengeneza mapema. Cheti cha kuzaliwa ni kazi ya RITA, nawe waweza kuanzia ofisi ya usajili wilayani au kwa mtandao wao. Kitambulisho cha Taifa ni kazi ya NIDA. Karatasi isiyoweza kubadilishwa, kama cheti cha shule cha miaka mingi, huambatishwa kiapo kilichoapwa mbele ya wakili au hakimu, kisemacho ya kwamba majina haya mawili ni ya mtu huyu mmoja. Tena mwombaji aandike barua fupi ya kueleza tofauti hiyo, aiweke pamoja na maombi, asingoje kuulizwa.

Liko jambo moja lijulikanalo vijijini ingawa halisemwi sana. Mtoto alishindwa mtihani wa darasa la saba, akarudia darasa kwa jina la mtoto mwingine aliyeacha shule, na jina hilo likamfuata mpaka kwenye cheti cha chuo. Mtu wa namna hii asiape kiapo cha uongo kuwa ndilo jina lake la tangu kuzaliwa. Amwone wakili kwanza, amweleze habari yote, kabla ya kujaza hata mstari mmoja wa fomu. Ni hivyo hivyo kwa aliyepunguza umri wake ili aonekane kijana. Kweli umri una alama, lakini mwaka wa kumaliza shule umeandikwa mahali pengine, na kuhesabu si kazi ngumu. Sheria ya Kanada humzuia mtu aliyesema uongo katika maombi kwa miaka 5, nayo haitazami kama uongo uliandikwa na yeye mwenyewe au na wakala aliyemlipa.

Sasa tuje kwenye barua ya kazi. Hapa ndipo maombi mengi ya mafundi huharibika, na kwa maoni yangu huharibika bure. Kwetu barua njema ya mwajiri husema hivi: "Namthibitisha ndugu huyu kuwa ni mfanyakazi mwaminifu na mwenye bidii." Maneno mazuri, lakini kwa Kanada hayatoshi. Wao wataka barua yenye anwani ya kampuni na sahihi, itajayo cheo, kazi alizofanya mtu kila siku, tarehe ya kuanza na ya kumaliza, saa za kazi kwa juma, na mshahara pamoja na marupurupu.

Chukua mfano wa fundi atengenezaye mitambo katika machimbo ya jasi ya Makanya. Kanada ina orodha ya kazi zote kwa namba, na fundi wa mitambo mizito ni 72401. Lakini huenda tajiri wake alimwajiri kwa cheo cha dereva, naye akaanza kufungua injini baadaye kwa kuwa alikuwa na akili ya kazi hiyo. Fomu ikisema fundi na barua ikisema dereva, maombi hayasimami. Basi amwendee tajiri angali kazini, amwombe aandike kazi anayoifanya hasa. Tena isiandikwe kwa kunakili maneno ya orodha ya Kanada neno kwa neno, maana ofisa asomaye maombi huyatambua maneno ya orodha hiyo.

Na saa za kazi zihesabiwe. Njia ya mfanyakazi mwenye ujuzi yataka angalau mwaka mmoja mfululizo wa kazi ya ujuzi, katika miaka 10 iliyopita. Mwaka huo huhesabiwa saa 1,560, yaani saa 30 kwa juma. Kibarua cha miezi mitatu hapa na miezi miwili pale, kikiwa na mapengo katikati, hakijazi mwaka huo.

Habari ya watoto ni nzito kuliko hizi zote, nami naomba akina baba wasikilize. Fomu huuliza mke au mume na watoto wote, hata wasiosafiri, hata wanaokaa kwa bibi. Kijana aliyezaa kabla ya kuoa, na mke wake hana habari, huona vyepesi kuacha mstari ule wazi. Lakini kila mtoto chini ya miaka 22 asiyeoa wala kuolewa hutakiwa atajwe na apimwe afya, kama anakwenda au haendi. Aliyefichwa, kwa kawaida baba hawezi kumwombea amfuate baadaye. Mstari mmoja ulioachwa kwa aibu waweza kumwacha mtoto huyo nyumbani akiwa na baba wa kwenye simu tu. Afadhali mke asikie habari hiyo leo, nyumbani.

Mengine tuyataje upesi. Mtihani wa Kiingereza wa IELTS uko wa namna mbili, na unaotakiwa hapa ni ule wa General Training, si ule wa Academic wa kwendea chuo kikuu; matokeo yake hukaa miaka 2. Fedha za kuanzia maisha zisiwe za kukopa, na thamani ya shamba au nyumba haihesabiwi. Karatasi za Kiswahili zitafsiriwe kwa Kiingereza au Kifaransa, lakini si na mjomba, hata kama ni mwalimu wa Kiingereza, kwani tafsiri ya ndugu haikubaliwi. Tarehe huandikwa kwa kuanza na mwaka, kisha mwezi, kisha siku.

Kujiandikisha katika Express Entry hakulipiwi, wala hakuna wakala awezaye kuuza nafasi. Mtu akikuambia "mimi nina mtu wangu ndani," mwage kwa heri. Anayepata mwaliko wa kuomba hupewa siku 60 kukamilisha karatasi zote. Siku hizo ni chache. Cheti kimoja kikikosewa, na mzazi akalazimika kushuka kutoka Chome wakati wa masika, majuma mawili yamekwisha kupotea.

Sasa mwalimu na azime redio, na kila mwanafunzi achukue ile karatasi aliyoiweka mezani. Andika katika daftari jina la mtoto kama lilivyoandikwa hapo, herufi kwa herufi, kisha tarehe ya kuzaliwa, ukianza na mwaka. Kesho lete karatasi yake ya pili, ya shule au ya ubatizo, uandike vivyo hivyo chini yake. Palipo na tofauti piga mstari, umwonyeshe mwalimu.