Kuserereka kwa Kanuni: Je, Drifti ni Mchezo wa Kweli wa Magari?



Mwaka 2021 wabunge wa jimbo la Texas, nchini Marekani, waliingiza katika sheria ya makosa ya jinai maelezo ya kitendo kimoja cha udereva. Kitendo hicho kina sehemu tatu. Dereva huyapotezea matairi ya nyuma mshiko wake juu ya lami kwa makusudi. Huyazungusha mfululizo kwa kukanyaga mafuta. Kisha hukata usukani kwa namna inayolifanya gari lizunguke. Anayeziba njia ya umma kwa kufanya hayo mbele ya watu wawili au zaidi waliokusanyika kutazama, kosa lake huhesabiwa kuwa zito zaidi. Mambo hayohayo yamefanywa msimu baada ya msimu katika uwanja wa Texas Motor Speedway, Fort Worth, na madereva wenye leseni za mashindano, mbele ya majaji na watazamaji waliokata tiketi, wala hakuna aliyekamatwa. Mikono na miguu ya dereva hufanya kazi ileile pande zote mbili. Upande mmoja analala rumande, upande wa pili anapewa kombe. Ndipo linapozuka swali la mhadhara huu: kuserereka huku, ambako vijana wa Dallas na Houston, kama wenzao wa Nairobi na Dar es Salaam, wanakuita drifti, ni mchezo wa kweli wa magari au ni mbwembwe tu zilizobahatika kupata uwanja?

Nitalitoa jibu langu mapema ili mlipime kadiri tunavyokwenda. Drifti ni mchezo wa kweli wa magari pale dereva anapoweza kushindwa kwa kanuni aliyoijua kabla hajawasha gari. Pasipo na uwezekano huo, ustadi unaweza kuwapo, ujasiri unaweza kuwapo, umati unaweza kufurika, lakini mchezo wa ushindani haupo. Kipimo hiki hakitazami gari, mwendo wala moshi. Kinatazama kama kuna mpinzani, kama kuna kazi iliyopangwa, na kama kuna mtu mwenye mamlaka ya kumwambia dereva kwamba leo umeshindwa, na sababu ni hii.

Tuanze na kazi yenyewe, maana wengi wanaoibeza drifti hawajapata kuelezwa inavyochezwa. Mbinu hii ilikulia Japani, kwenye barabara za milimani na katika viwanja vya mbio, ambako Kunimitsu Takahashi alijulikana katika miaka ya 1970 kwa kuingia kona huku gari lake limekaa upande. Keiichi Tsuchiya, aliyeanzia barabara za milimani kabla ya kuwa dereva wa kulipwa, akaipa umaarufu mkubwa. Marekani ilipata ligi yake, Formula Drift, ambayo msimu wake wa kwanza ulikuwa mwaka 2004. Msimu huo ulikuwa na raundi nne tu, na moja kati ya hizo ilifanyika Houston, katika viwanja vya Reliant Park. Bingwa wa kwanza alikuwa Samuel Hübinette, mzaliwa wa Sweden. Kwa hiyo Texas haikuupokea mchezo huu ukiwa umekwisha kukomaa. Ilikuwapo tangu siku zake za mwanzo.

Katika mashindano ya drifti, kwa kawaida dereva kwanza hukimbia peke yake ili apate alama za kufuzu. Njia amechorewa. Kuna maeneo ambayo lazima sehemu ya nyuma ya gari iyajaze, na kuna alama ambazo lazima pua ya gari izipitie kwa karibu. Majaji watatu hutazama mstari anaoufuata, kiasi gari lilivyokaa upande, na mtindo wa uendeshaji wake. Baada ya kufuzu, madereva hupangwa wawiliwawili kwa mtoano. Mmoja hutangulia, mwingine humfukuza, kisha hubadilishana nafasi. Anayetangulia anapaswa kuifuata njia kama ilivyoamriwa. Anayefukuza anapaswa kuserereka sambamba naye, karibu iwezekanavyo, bila kumgonga, bila kunyoosha gari, bila kuachwa. Akizunguka kama pia, amepoteza. Akimgonga mwenzake kwa kosa lake, amepoteza. Majaji wasipoona tofauti, wawili hao hurudia upya.

Hapa ndipo kiini cha hoja yangu kilipo. Dereva anayefukuza hana uhuru wa kutunga. Hawezi kuchagua wapi aanze kuserereka, maana yule aliye mbele ndiye anayemwamulia. Magari ya daraja la juu katika ligi hii yana nguvu zinazokaribia farasi 1,000 na mengine huzidi, na dereva analazimika kusoma nia ya mwenzake kupitia moshi wa matairi, huku mkono mmoja uko kwenye usukani, mwingine kwenye breki ya mkono, na mguu unacheza na klachi. Mcheza ngoma anaweza kukosea hatua akaigeuza kuwa pambo, na watazamaji wasijue. Mfukuzaji hana nafasi hiyo, kwa kuwa kosa lake linapimwa kwa gari la mpinzani lililo mita chache mbele yake. Maonyesho humpa mtu nafasi ya kujionyesha. Ushindani humlazimisha kumjibu mtu mwingine. Raundi ya wawiliwawili ni ushindani kwa maana kamili ya neno hilo.

Pingamizi la kwanza ni la saa. Husemwa kwamba mchezo wa magari ni mbio, mbio huamuliwa na saa au na mstari wa kumalizia, na drifti haina hata kimoja. Wasemao hivyo wana mfano mzuri mkononi: mwanariadha Filbert Bayi alipokimbia mita 1,500 mjini Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, hakuhitaji jaji wa kumsifia mtindo wake. Lakini saa ni njia moja tu ya kumjua mshindi. Ndondi isiyomalizwa kwa mtu kuanguka huamuliwa na majaji, na hakuna anayesema kwamba ndondi si mchezo. Jimnastiki ya Olimpiki na kupiga mbizi huamuliwa hivyohivyo. Hata katika mashindano ya kusoma Kurani, ambayo watu wa pwani yetu wanayajua vizuri, waamuzi hawatoi alama kwa sababu sauti imewapendeza tu. Wanafuata kanuni za tajwidi, na msomaji anajua alipoteleza. Swali la haki halihusu kuwapo kwa jaji. Linahusu kama jaji naye amefungwa na kanuni.

Nakubali kwamba majaji hukosea, na makosa yao huuma. Mwaka 1988, kwenye Olimpiki ya Seoul, bondia Roy Jones Jr. alinyimwa medali ya dhahabu ya ndondi kwa kura tatu dhidi ya mbili, na uamuzi ule unatajwa hadi leo kama aibu. Lakini tuangalie kilichofuata: mfumo wa kutoa alama katika ndondi za Olimpiki ulibadilishwa. Watu waliweza kusema uamuzi ule ulikuwa mbaya kwa sababu kulikuwa na kipimo cha kuupinga. Nakubali pia kwamba katika drifti kipengele cha mtindo ndicho dhaifu kuliko vyote. Mstari unaweza kuonyeshwa kwenye picha ya video, umbali kati ya magari mawili unaonekana kwa macho, lakini mtindo unabaki karibu mno na ladha ya mtu. Wanaoupenda mchezo huu watautendea wema wakiendelea kuupunguzia mtindo uzito na kuuongezea ukaribu.

Pingamizi la pili linatoka kwa wapenzi wa mbio wenyewe. Wanasema dereva hodari hutafuta mshiko, na anayeupoteza kwa makusudi anakwenda polepole zaidi. Basi itakuwaje udhaifu ugeuzwe kuwa mchezo? Hoja hii inasahau kwamba michezo karibu yote hujiwekea kizuizi kisicho cha lazima, kisha hutukuza ustadi wa kukishinda. Katika mashindano ya kutembea kwa kasi, ambayo yamekuwa kwenye Olimpiki tangu mwanzoni mwa karne ya 20, mtu anakatazwa kukimbia ingawa kukimbia kungemfikisha mapema, na waamuzi husimama kandokando ya njia kutazama miguu yake. Mpira wa miguu unamkataza mchezaji kutumia mikono, kiungo chepesi kuliko vyote. Drifti inamkataza dereva kunyoosha gari. Anayeuliza kwa nini asinyooshe, na amuulize pia mwanasoka kwa nini asiushike mpira.

Pingamizi la tatu ni zito zaidi, nalo linaturudisha kwenye njia panda za Dallas na Houston. Wapo wanaosema drifti ni mtoto wa uhalifu, na mtoto wa nyoka ni nyoka. Kwa hilo historia ya Marekani ina jibu lake. Mashindano ya NASCAR, yaliyoanzishwa mwaka 1948, yaliwapata baadhi ya madereva wake wa mwanzo kutoka kwa wasafirishaji wa pombe haramu waliozoea kuwakimbia maofisa wa serikali usiku. Mashindano ya kukimbiza magari kwenye mstari ulionyooka yalikuwa ya mitaani kabla Wally Parks hajaanzisha chama cha NHRA mwaka 1951 ili kuyaweka chini ya kanuni. Texas ilinufaika: kiwanja cha Texas Motorplex kilijengwa Ennis, kusini mwa Dallas, mwaka 1986, na Houston Raceway Park kikafunguliwa Baytown mwaka 1988. Afrika Kusini nayo ina ushahidi wake. Mchezo wa kuzungusha gari ulitokea Soweto ukihusishwa na magenge na mazishi yao, hasa kwa gari la BMW 325i ambalo vijana waliliita gusheshe; leo unatambuliwa na chama cha taifa cha michezo ya magari. Shirikisho la kimataifa la magari, FIA, liliandaa kombe la drifti mjini Tokyo mwaka 2017. Sisemi kwamba kutambuliwa na FIA ndiko kunakoufanya mchezo uwe mchezo. Nasema kunaonyesha kwamba asili ya mtaani haikuwa kizuizi.

Hata hivyo, jibu hilo lisitumiwe kuyatetea yanayofanyika barabarani. Mkusanyiko wa usiku unapoziba makutano ya barabara, magari yakazunguka katikati na watu wakayakaribia kwa simu zao, hakuna anayetangulia na anayefukuza, hakuna njia iliyochorwa, hakuna jaji, na kwa hiyo hakuna awezaye kushindwa. Kinachoweza kutokea ni mtu kugongwa, tena pengine mtu ambaye hakuja kutazama chochote. Alikuwa anatoka kazini, au ni mgonjwa ndani ya gari la wagonjwa lililokosa pa kupita. Dereva wa uwanjani ameikubali hatari yake na mpinzani wake ameikubali pia. Mpita njia hakuulizwa. Ndiyo maana sioni kosa katika shabaha ya sheria za Texas. Mwaka 2020 halmashauri ya jiji la Dallas ilipitisha faini ya hadi dola 500 hata kwa watazamaji wa mikusanyiko hiyo, na mwaka 2023 jimbo likawapa polisi uwezo wa kulizuia gari lililotumika hata kama hakuna mali iliyoharibika wala mtu aliyejeruhiwa. Sheria ya 2021 yenyewe ilitaja barabara ya umma, haikuugusa uwanja. Kwa kufanya hivyo iliukiri mpaka ninaoueleza hapa.

Lakini sheria inayofunga njia panda bila mtu wa kufungua uwanja imefanya nusu ya kazi. Mwaka uleule wa 2023 ambapo Texas iliongeza adhabu, Houston Raceway Park kilifungwa baada ya miaka 35. Kilikuwa kiwanja cha mbio za mstari ulionyooka, hakikuwa cha drifti, lakini somo ni moja: jiji linalopanuka hula ardhi ya michezo yenye kelele kabla ya ardhi nyingine yoyote. Kijana wa pembezoni mwa Houston mwenye gari la zamani la kuendeshwa na matairi ya nyuma anahitaji lami pana, uzio, gari la wagonjwa, bima, na mtu wa kumwambia amekosea wapi. Akiambiwa tu kwamba anachokipenda ni uhalifu, hana sababu ya kutafuta mahali pa kukifanya kwa halali.

Jambo hili linatuhusu hata sisi tulio mbali na Texas. Toyota Mark II na Chaser, ambazo barabara zetu zinazijua tangu zamani, ni miongoni mwa magari yaliyoijenga drifti Japani. Kenya imeendesha Safari Rally tangu mwaka 1953, kwa hiyo ukanda huu haujakosa watu wanaojua kusimamia mchezo wa magari wenye hatari. Kwa vyama vya michezo ya magari, kwa halmashauri za miji na kwa wenye viwanja, ombi langu ni moja: msiusubiri mchezo huu uwafikie kupitia taarifa za polisi. Uchoreeni njia, uwekeeni waamuzi waliofundishwa, na uwekeni mbali na wapita njia. Kwa madereva vijana nasema hivi: heshima ya drifti itatoka kwenu siku mtakapokubali kushindwa mbele ya jaji, mkashuka kwenye gari, mkampa mkono aliyewashinda.