Mtindi wa Nyumbani, na Ule wa Dharura
(Mazungumzo ya mwanachama siku ya kuadhimisha miaka 10 ya kikundi)



Nimeombwa nieleze habari za mtindi. Naona wengine mnacheka, maana mnaukumbuka ule mkopo wangu wa pili. Basi nianzie hapo hapo.

Nilikopa ninunue maziwa, nigandishe, niuze. Wiki mbili mambo yalikwenda vizuri. Wiki ya tatu maziwa yakagoma. Nafunua ndoo asubuhi, mepesi vile vile. Kesho yake yananuka. Lita 20 nikamwaga! Nikabadilisha mbegu, nikasugua ndoo kwa maji ya moto, wapi! Marejesho yakakwama, na kwenye mkutano yakasemwa mengi, eti hela nimezila. Sijasahau, lakini yameisha.

Bwana mifugo ndiye aliyeniuliza kama kuna ng'ombe anayetibiwa. Kumbe muuzaji wangu mmoja ng'ombe wake aliugua kiwele, akipigwa sindano za antibayotiki. Dawa ile huua vijidudu vya ugonjwa, na hivi vyetu vya kugandisha inaviua pia. Maziwa ya ng'ombe wa namna hiyo hayauzwi wala hayanywewi mpaka zipite siku alizotaja daktari. Siku hizi maziwa ya kila muuzaji nayagandisha kwenye ndoo yake. Ikigoma, ni ndoo moja, na mwenyewe namjua.

Sasa kazi yenyewe. Maziwa yachemke kabisa. Msiniambie bibi zetu hawakuchemsha. Maziwa mabichi yanaweza kuleta kifua kikuu na homa ya brusela, na kuganda peke yake hakutoshi kuua vijidudu hivyo. Yaache yapoe, libaki vuguvugu dogo tu. Kwa lita moja tia vijiko 3 vya chakula vya mtindi mzuri wa jana, hiyo ndiyo mbegu. Koroga, funika, weka pasipo baridi, na watoto wasitikisetikise. Muda wa saa 12 hadi 24 umeganda.

Ukitaka ule wa asili kabisa, mwembamba, mimina kwenye kibuyu usukesuke mpaka siagi ijikusanye. Siagi itoe upike samli, kilichobaki ndicho.

Na wa dharura je? Mgeni yuko njiani, unataka kuoka keki, mtindi huna. Chukua kikombe cha maziwa, tia kijiko 1 cha chakula cha maji ya limau au siki, ngoja dakika 10, yatakatikakatika. Kwenye unga weka nusu kijiko cha chai cha soda ya kuokea. Uchachu ukikutana na soda hutoa hewa, ndiyo inayoumua keki. Kwa hiyo ukishachanganya oka mara moja, usianze kupiga soga. Lakini hayo ni ya kupikia tu. Hayana mbegu hai, hayawezi kugandisha maziwa mengine, na jamani, msimuuzie mtu kwa jina la mtindi.

Mkopo ule niliumaliza, daftari la Mama Mweka Hazina lipo. Mbegu ninayo nyumbani. Anayetaka aje na chupa yenye kifuniko, aichemshe kwanza.